Fundi kanijazia moshi daining halafu ananiambia NICHAGUE. Mbele ya baba mkwe!!

Kavu wa Njombe (mleta uzi):
Wakuu, macho yangu mekundu na wala sijagusa pombe, ni moshi. Naandika nikiwa kibarazani, baridi hii ya mwezi wa saba mnayoijua, kwa sababu ndani hakukaliki.

Jina simtaji ila watu wa Njombe mnamjua, yule wa "bosi ondoa shaka", yule ambaye kabla hujampa hela ya kuanzia anapokea simu hata haijaita, ukishampa tu simu inahamia Makete haipatikani. Huyo huyo. Msijifanye hamumjui.

Iko hivi. Kuna zile nyumba za zamani za wazungu wa chai kule Mufindi, niliingia moja nikakuta ina fayaplesi, lile jiko la kuni la ukutani la kuotea moto, watu wamenyoosha miguu wanakunywa chai bila hata sweta, nikasema na mimi ni binadamu. Sebuleni kwangu hakuna nafasi, kuna kabati la mama watoto ambalo halihamishiki mpaka kiama, basi nikaamua tuiweke daining. Daining yenyewe futi 9 kwa 10, meza ya watu sita iliingia kwa kusukumwa na vijana wa mtaa mzima. Fundi akaja akapima kwa MKONO, hana hata futi ya kuazima, akasema inakaa vizuri tu bosi.

Ikakaa kweli. Anayekaa upande wa moto anaiva mgongo, anayekaa dirishani bado kavaa kofia ya sufu, na ukitaka kwenda jikoni familia nzima inasimama kukupisha. Hayo yote nilimeza.

Leo baba mkwe kaingia kutoka Tanga, mzee wa pwani, kashuka stendi na makoti mawili anatetemeka, nikasema leo ndio leo, ataniheshimu. Wali tayari, kuku wa kienyeji mezani, nikawasha. Haukupita muda moshi ukaghairi safari, ukageuza, ukashuka ukakaa mezani na sisi. Kuku hatumuoni. Mzee anakohoa, anauliza taratibu, "Mwanangu, kwani humu mnabanika samaki?"

Nikampigia fundi kwa simu ya jirani maana yangu hapokei. Akaja, akachungulia, akafuta masizi kwenye PAZIA, akanigeukia mkwe anamsikia: "Bosi, sasa wewe unataka joto au unataka moshi utoke? Chagua kimoja."

CHAGUA KIMOJA!!

Laki 6 zangu, matofali nimenunua mwenyewe, mchanga mwenyewe, chai na mihogo kanywa na kula kwangu kila siku, halafu nichague. Mkwe ananitazama machozi yanamtoka, sijui ni moshi au anamlilia binti yake. Nichague nini sasa???

Mzee wa Picha:
Bila picha huu uzi batili.

Kavu wa Njombe:
Nipige picha ya nini mkuu, nimekwambia hata kuku hatumuoni.

Shombe la Mbagala:
Nyie watu wa mikoani mna dharau sana. Sisi huku tunalala na feni mbili na jasho bado linatiririka, wewe unalipa laki 6 uletewe joto. Ungenitumia nauli nije nikupulizie.

Tofali Moja:
Hahahaha "chagua kimoja". Huyo fundi apewe ubunge.

Injinia Uchwara:
Mkuu pole. Naomba vipimo, mdomo wa fayaplesi una ukubwa gani na bomba la moshi ni inchi ngapi? Limepita mgongo wa paa?

Kavu wa Njombe:
Mdomo futi 3 kwa futi 3, yeye ndio alisema ukiwa mkubwa unapendeza. Bomba ni bati kalikunja mwenyewe, inchi 6. Juu limechungulia kidogo tu nje ya bati za nyumba, mgongo wa paa hata halijauona.

Injinia Uchwara:
Basi umeshapigwa. Mdomo wa inchi 36 kwa 36 ni inchi za mraba 1,296. Njia ya moshi inatakiwa isipungue sana moja ya kumi ya hapo, yani kama 130. Bomba la duara la inchi 6 linakupa 28 tu, ulitakiwa kuwa na bomba la karibu inchi 13. Halafu dohani, yani hilo bomba la moshi, inatakiwa ipande walau futi 3 juu ya pale inapotobolea paa, na izidi kwa futi 2 kitu chochote kilichopo ndani ya futi 10 kuizunguka, la sivyo upepo ukivuka paa unausukuma moshi urudi chini. Na chumba kidogo mmefunga madirisha yote, moto unatafuta hewa hauipati. Fungua dirisha kidogo utaona tofauti. Haya mambo sio mapya, mwanasayansi Benjamin Thompson, ndio yule Count Rumford, aliandika 1796 jinsi ya kurekebisha fayaplesi zinazotoa moshi, mdomo upunguzwe, kina kiwe kifupi, kuta za pembeni zilazwe kurudisha joto chumbani.

Tofali Moja:
Huyo Rumford yuko Njombe au Makambako? Tupe namba.

Kavu wa Njombe:
Injinia nimekuelewa, asante, ila nifungue dirisha mwezi wa saba Njombe? Si ndio kule kule kuchagua?? Joto au dirisha! Na bado hujaniambia kwa nini alifuta mikono kwenye pazia.

Dada wa Limuru:
Huku kwetu Limuru, Kenya, pia baridi si mchezo. Sisi fundi alitujengea ikatoa moshi wiki nzima, kumbe aliacha gunia la simiti ndani ya chimni. Angalia ndani kwanza.

Mama Kuni:
Wanaohitaji kuni za miwati zilizokauka nicheki inbox, zinawaka bila makelele. Ukichoma paina mbichi usilaumu fundi.

Shombe la Mbagala:
Si uweke tu jiko la mkaa chini ya meza uachane na mafundi.

Injinia Uchwara:
Usimdanganye mwenzio. Jiko la mkaa ndani milango imefungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki.

Mjomba Sufuri:
Mleta uzi afadhali wewe umepata moshi. Mimi fundi siling kanifungia paka juu ya siling bodi, siku tatu tunasikia nyau, nampigia ananiambia atazoea.

Suti Kijivu:
Nyie wote hamjaumizwa. Fundi cherehani, na yeye mnamjua, wa karibu na soko, kanishonea suti ya harusi ya mdogo wangu mkono wa kulia mrefu wa kushoto mfupi. Namrudishia asubuhi ya harusi ananiambia "huo mrefu kunja, huo mfupi weka mfukoni".

Tofali Moja:
NIMEKUFAAA 😂😂 weka mfukoni

Mzee wa Picha:
Hii sasa naomba picha kwa heshima zote.

Kavu wa Njombe:
Wakuu turudi kwenye mada, mkwe bado yuko nje na mimi hapa kajifunika shuka la kimasai. NICHAGUE jamani?

Mama Kuni:
Suti Kijivu, ulimpa kitambaa mita ngapi?

Suti Kijivu:
Tatu na nusu.

Mama Kuni:
Na wewe ni mnene?

Suti Kijivu:
Wastani.

Mjomba Sufuri:
Wastani wa wapi? Kakuibia mita nzima huyo, kamshonea mwanae kaptula za shule.