Wageni wa angani wadai wimbo uliobaki: tunaomba ushauri kuhusu filamu yetu, Lubumbashi

Mpiga Gita wa Katuba
Ndugu zangu, sisi ni vijana wachache ambao hatujasomea sinema, na tunataka kutengeneza filamu fupi ya kisayansi ya kuchekesha. Kisa kinaanzia kwenye jambo la kweli: mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani vya Voyager, kila kimoja kikibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, na ndani yake umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, usiotimiza hata dakika moja. Salamu zimo kwa lugha 55, lakini Kiswahili hakimo. Basi wageni wa angani wanatua chini ya kile kilima cheusi cha Gécamines, kampuni ya madini, wakidai wimbo uliobaki, wala hakuna anayewaelewa, kwa kuwa wao husema kwa gita tu. Tuna hofu kwamba chombo chao kitaonekana kama sufuria. Je, tunaweza pia kutumia rekodi za Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gita wa Katanga?

Mtunza Santuri
Rekodi ziacheni. Mwenda alifariki mwaka 1990, na sheria yetu ya mwaka 1986 hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mtindo, hata hivyo, hauna mwenyewe: gita kavu la Katanga, yaani lisilo la umeme, linalopigwa kwa kidole gumba na cha shahada, ni mali ya kila atakayejifunza. Tungeni wimbo wenu, kisha mwukate kila mara kabla haujafika mwisho, ili mtazamaji naye aanze kuudai huo uliobaki. Jemadari wa wageni apewe karindula, kwa sababu banjo kubwa namna ile, yenye pipa na ngozi ya mbuzi, haihitaji kupambwa ili ionekane imetoka sayari nyingine.

Fundi wa Sauti, Kampemba
Sufuria na ionekane sufuria, mradi mwigizaji yeyote asiicheke. Akishakonyeza kamera tu, mzaha umekufa. Mimi ningehangaikia sauti zaidi. Angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti: kila jemadari anapofungua mlango wa chombo, muziki ukatike ghafla katikati ya sebene, pale gita linapochangamka, na akiufunga uendelee. Kichekesho hicho hakigharimu hata faranga. Gita lirekodiwe pembeni, katika chumba kilichotundikwa mablanketi, mbali na jenereta, na mwanzoni mwa kila kipande kinachopigwa mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye mpate pa kuoanisha picha na sauti.

Baba wa Kamalondo
Wanangu, mbona mnasahau roketi zetu wenyewe? Kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha yake ya kwanza kutoka Shaba, jina la Katanga enzi zile, mwaka huohuo wa 1977, na mwaka 1978 nyingine ikaanguka Mobutu akitazama. Wekeni mlinzi aliyeachwa kwenye uwanja ule, ambaye anawadhani wageni wamemletea mshahara.

Mpiga Gita wa Katuba
Baba, asante sana, mlinzi ameingia. Mlango nao tumeuchukua. Karindula imepatikana kwa jirani, ila anasema haitoki nyumbani mwake asipofanywa yeye jemadari, naye hajui kupiga.