Mteja anataka nikate maneno ya chini ya picha. Nikate?

Fundi Fremu, Nakuru
Jameni, nisaidieni kabla sijashika kisu. Nina kibanda cha fremu hapa mjini. Wakili mmoja ameniletea karatasi kuukuu yenye mchoro wa wakili wa zamani, joho na yote, yuko na mteja wake. Juu imeandikwa *Les Gens de Justice*, nyuma kuna matangazo ya biashara, na chini mistari ya Kifaransa. Yeye anasema hayo maneno yanaharibu sura, niyaondoe. Simu yangu imeyatafsiri hivi: "Ni kweli umeshindwa kesi, lakini lazima ulifurahia sana kunisikia nikikutetea." Nilicheka mpaka kinyozi wa jirani akaja kuona kuna nini. Sasa nikikata, si nimekata mzaha wenyewe?

Mwalimu wa Sanaa, Kisumu
Weka kisu chini, ndugu yangu. Hiyo ni ya Honoré Daumier, mchora katuni Mfaransa, katika mfululizo wake wa watu wa mahakama, 1845 hadi 1848. Matangazo ya nyuma ni dalili nzuri kwamba ilitoka ndani ya gazeti lenyewe, *Le Charivari* la Paris. Alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe huloweshwa maji, wino ukashika penye mafuta tu. Ila maneno ya chini mara nyingi hakuandika yeye, waliandika watu wa gazeti. Kwa hiyo mteja wako ana nusu hoja.

Karani Mstaafu, Kakamega
Mwalimu, hata hiyo nusu usimpe. Msomaji wa Paris alinunua picha na maneno yake pamoja.

Na mnajua kwa nini mawakili? Kijana Daumier alianza na mfalme. Mwaka 1831 alimchora Louis-Philippe kama jitu linalomeza pesa za wananchi, akahukumiwa miezi sita jela. Mwenye gazeti, Charles Philipon, naye alimchora mfalme huyo akigeuka kidogo kidogo kuwa pea, lile tunda jembamba juu na nene chini. 1835 ikaja sheria kwamba mchoro upite kwanza kwa wakaguzi. Basi wachoraji wakahamia kwa wenye nyumba, matapeli wa hisa, mawakili. Hao Daumier aliwajua, maana utotoni alikuwa tarishi wa dalali wa mahakama. Mimi nimekaa kortini miaka 31, na wakili wa maneno kama hayo nilikuwa naye kila Jumatatu.

Fundi Fremu, Nakuru
Asanteni, wazee wangu. Sikukata. Niliweka ukingo mpana wa kadi, maneno yakabaki ndani. Alipokuja nikamsomea tafsiri. Akanyamaza, akasafisha miwani, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Amesema ataitundika nyumbani. Ofisini ukuta umejaa.