Tupeane uzoefu: Mliisomaje na mliipangaje shahada ya sayansi ya siasa?

Mjomba wa HGL (mwanzisha mada)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mpwa wangu amemaliza Kidato cha Sita kwa tahasusi ya HGL, akapata C ya Historia, C ya Kiingereza na D ya Jiografia, na ametutamkia bila kupepesa macho kwamba anataka kusoma sayansi ya siasa. Dada yangu, yaani mama yake, anataka asome sheria au ualimu. Shemeji amenyamaza, na katika nyumba ile ukimya wa shemeji huogopwa kuliko kelele za dada. Nikatumwa mimi nitafute ukweli.

Sifa za kuingia nimekwishazisoma katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu: kima cha chini ni pointi 4 kutoka masomo mawili, na kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1, C zake mbili zinampa 6. Ninachokihitaji hakimo katika mwongozo. Naomba waliosoma shahada hii, popote walipoisoma, watueleze walivyoipanga, kozi za hiari walizochukua, mahali walipofanyia mafunzo kwa vitendo, na kitu ambacho leo wangekipanga vingine. Mabishano ya vyama tuyaache kwenye mada zake.

Mlimani 2009

Mjomba, nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 2009 hadi 2012, Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, miaka mitatu. Nilikwenda nikiamini kwamba nitasomea vyama na chaguzi, kwa kuwa tangu utoto nilikuwa mtu wa redio na magazeti, na shuleni niliitwa "mheshimiwa". Muhula wa kwanza nikakutana na wanafalsafa: Plato, Hobbes na Rousseau. Katika semina moja mwalimu alituuliza kwa nini mtu aitii serikali ambayo hakuichagua, nami nikajibu upesi kwamba ni kwa sababu kuna polisi. Akaandika neno "polisi" ubaoni, akalizungushia duara taratibu, kisha akaniuliza, "Na huyu polisi, yeye anatii kwa nini?" Nilikaa na swali hilo wiki nzima, na nadhani ndiyo siku niliyoanza kusoma kweli, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimejaa maoni tu.

Kosa langu lilikuwa kwenye kozi za hiari. Nilizichagua kwa kufuata marafiki, mahali ambapo maswali ya miaka iliyopita yalipatikana kwa urahisi, nikikwepa kila kozi iliyonusa namba. Hesabu ya chuo ni kwamba kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo mtu mwenye kalamu nyepesi anaweza kujiona yuko salama mpaka Februari, kisha matokeo yakamshangaza. Nilimaliza na wastani (GPA) wa 3.4 kati ya 5. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Hiyo nukta moja imenifuata kwenye kila ombi la shahada ya uzamili nililowahi kuandika, na kwa anayetaka kubaki chuoni kufundisha pengo ni kubwa zaidi, kwani huko huangaliwa 3.8.

Jambo la pili ni jina la shahada lenyewe. Matangazo mengi ya ajira serikalini huorodhesha shahada zinazokubalika, na "utawala wa umma" hutajwa katika orodha hizo mara nyingi kuliko "sayansi ya siasa" ikiwa peke yake. Kijana asome orodha hizo sasa, akiwa bado nyumbani, maana mimi nilizisoma mwaka wa tatu nikiwa na kozi tatu tu za kubadilisha. Na watu wakimwambia kwamba Yoweri Museveni alisoma siasa hapo hapo Mlimani akahitimu 1970, asivimbe kichwa. Ikulu si soko la ajira.

Mhasibu Mstaafu

Nitasema kwa ufupi na mnisamehe. Nina watoto wanne, mmoja alisoma siasa, na ndiye pekee aliyekaa nyumbani miaka mitatu. Asome uhasibu, siasa ataisoma kwenye magazeti.

Mtendaji wa Kata

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Nami nilikaa nyumbani, miaka miwili na miezi minne, kwa hiyo sikubishii. Ninachoweza kueleza ni kazi yenyewe, maana wengi hawaijui.

Tangazo nililoomba lilikubali shahada za utawala, sheria na sayansi ya jamii. Usaili wa mchujo ulikuwa wa kuandika, na maswali mengi yalihusu muundo wa serikali za mitaa, yaani sheria mbili za mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya na ile ya mamlaka za miji. Mwaka wa pili tulifundishwa habari hizo saa nane mchana, darasa zima likisinzia. Sikuwa mwerevu kuliko wenzangu. Nilikuwa nimekaa mbele kwa sababu sioni mbali.

Wiki ya kwanza ofisini walikuja ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi uliokingwa kwa kipande cha tofali, na kila mmoja wao alipoigonga kwa ngumi, wino ulimwagikia muhtasari wa kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata niliokuwa nikiuandika. Nikaanza kuwaeleza mamlaka yangu yanaishia wapi. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa darasa la saba, akaniomba kwa adabu ninyamaze kidogo, akawauliza marehemu baba yao alipanda mti gani mpakani. Wakajibu kwa pamoja: mnyaa. Tukaenda kuutafuta. Chuoni nilisoma sana juu ya uhalali wa mamlaka, lakini ule mnyaa ndio ulionionyesha yanatoka wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wengi waliomba wizarani au kwenye balozi, wakaishia kupiga nakala na kupokea barua. Mpwa wako aombe halmashauri, tena ya wilaya, na akifika aombe kuhudhuria vikao vya kata na kuandika mihtasari. Muhtasari mzuri ni ufundi ambao nimeona watu wa shahada ya pili wakishindwa. Na kama atasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mjomba akae naye chini amwonyeshe kwamba siku akiajiriwa asilimia 15 ya mshahara itakatwa, ili asije akaishangaa hati ya mshahara kama nilivyoishangaa mimi.

Binti wa Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu shahada ni ya miaka minne, na wengi hupangiwa kozi na taasisi ya serikali, siku hizi ni KUCCPS, kulingana na alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Nilitaka sheria nikaangukia sayansi ya siasa, nikalia siku mbili, kisha nikaenda.

Sitadanganya kwamba nilipanga. Nilichukua somo la ugatuzi, yaani kushusha madaraka ngazi za chini, na mifumo ya shirikisho kwa sababu lilikuwa Jumanne asubuhi na liliniachia Ijumaa nzima. Katiba mpya ilikuwa imepitishwa mwaka 2010, lakini kaunti zenyewe zilikuwa bado za karatasini. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikazaliwa kaunti 47, kila moja na bunge lake, na kila bunge likahitaji makarani wa kamati wanaoelewa mswada, hoja na ripoti ni nini. Nilihojiwa na watu ambao nao walikuwa wakijifunza kazi siku ile ile. Mmoja aliniuliza tofauti ya seneti na bunge la kitaifa katika kugawa mapato, nikamjibu kutoka daftari la Jumanne. Ilikuwa bahati. Ila mjomba ukimwuliza mpwa wako ni sheria gani kubwa inayobadilika nchini sasa, na ni ofisi gani zitazaliwa nayo, atakuwa amepanga kile ambacho mimi nilikiokota.

Dada wa Dodoso

Nimesoma nyote, na ninaona Mlimani 2009 amekigusa kidonda kisha akakiacha: namba. Mimi nilikuwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), mtu wa mashairi, na hisabati niliiaga Kidato cha Nne kwa furaha. Mwaka wa pili mbinu za utafiti zikaniangusha, nikarudia mtihani. Katika kurudia nikaelewa, na nikaongeza kozi ya takwimu kutoka idara nyingine, ambayo ilinishushia wastani lakini ndiyo iliyonipa kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhoji watu kwenye utafiti wa maoni, nikiwa na kishikwambi na orodha ya vijiji. Kule Kongwa nilihesabu nyumba kama nilivyoelekezwa nikafika kwa mzee mmoja anayeuza mahindi soko la Kibaigwa. Akakataa kuhojiwa. Kwa nini yeye, na jirani yake anayejua siasa asiulizwe? Nikamweleza kwamba watu 1,200 waliochaguliwa bila upendeleo wanatosha kukadiria maoni ya nchi nzima kwa tofauti ya karibu asilimia 3 juu au chini. Alinitazama kama ninayemuuzia dawa ya mapenzi. Kisha akaingia ndani, akatoka na bambo, kile chuma chenye ncha wanachochomea magunia, akauliza, "Ni hiki?" Akanieleza mwenyewe kwamba mnunuzi mjanja huchoma juu, katikati na chini, kwa kuwa mkulima mjanja huweka mahindi mazuri juu. Sijapata kusikia maelezo bora ya sampuli darasani. Tukahojiana saa nzima, na alinipa uji.

Leo nachambua takwimu katika shirika la utafiti, na tunapoajiri tunapokea barua nyingi za waliosoma siasa wanaoandika vizuri kabisa. Tunawauliza kitu kimoja: hii ni faili yenye majibu ya watu elfu moja, tuonyeshe wanawake wa vijijini walijibu nini swali la 14. Wengi huanza kutueleza umuhimu wa ushiriki wa wanawake.

Mwalimu wa Pemba

Kwa wasioweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992. Nilisoma nikiwa nafundisha msingi, usiku, na ilinichukua miaka zaidi ya iliyoandikwa kwenye karatasi. Uzuri ni kwamba mshahara haukukatika. Ubaya ni upweke: nadharia za siasa zinataka mtu wa kubishana naye, na mke wangu alichoka na Machiavelli mapema sana.

Mjomba wa HGL

Ahsanteni. Jana jioni nimewasomea nyumbani, wote watatu wamekaa. Dada amecheka mnyaa, kisha akasema sheria ingefaa hapo hapo. Mpwa alipofika kwenye swali la 14 aliomba simu yangu alisome tena mwenyewe, akauliza kama Excel inatosha kwa kuanzia. Shemeji, ambaye hununua ufuta kila msimu, amevunja ukimya. Ametaka kujua yule mzee wa Kibaigwa alichoma magunia mangapi kwa kila mia.

Tumekubaliana aombe vyuo vitatu, shahada yenye utawala wa umma ndani yake, na takwimu kama kozi ya hiari. Mlimani 2009, nina swali moja la mwisho: kozi ya idara nyingine huombwa lini?

Mlimani 2009

Aende idarani wiki ile ile ya usajili, akiwa na jina na namba ya kozi, kabla ratiba haijafungwa. Mimi nilikwenda wiki ya nne, nikamkuta karani anafunga kabati.