Mjadala: Je, Msitu wa Kakamega ufungwe kwa wanaotafuta magome ya dawa?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: kwa kuwa joto linapanda, mvua hazitabiriki tena, na miti ya dawa kama mwiritsa (Prunus africana), apacha (Warburgia ugandensis) na shikuma (Zanthoxylum gilletii) inazidi kuadimika, waganga na wauzaji wa mitishamba wapigwe marufuku kuingia Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Ndugu aliyetangulia kuchangia ameiunga mkono kwa mfano wa Buyangu, sehemu ya kaskazini iliyofanywa hifadhi ya taifa katika miaka ya 1980 na ambako hairuhusiwi kutoa hata kuni, tofauti na Isecheno upande wa kusini, ambako wanakijiji huingia kwa kibali. Kwa maoni yake adui wa miti hii ni panga, na habari za tabianchi ni kisingizio cha kuwafichia wenye mapanga.

Ndugu yangu, nimeusoma mchango wako mara mbili, na sina ubishi nawe kuhusu madhara ya panga. Mti uliobanduliwa gome mduara mzima kwa kawaida haupati kupona, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gomeni, na njia hiyo ikikatwa mizizi hufa njaa hata kama majani yatabaki ya kijani kwa miezi kadhaa. Biashara ya gome la mwiritsa, linalotumiwa Ulaya kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi dume, ndiyo iliyoufanya mti huu uwekwe chini ya uangalizi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1995. Ninapoachana nawe ni pale unapolitenga panga na tabianchi kana kwamba haya ni mambo mawili yasiyojuana.

Mwezi wa Februari mwaka jana nilisimama na mzee mmoja anayetibu kwa mitishamba chini ya mwiritsa ulio pembezoni mwa msitu. Shina lilikuwa na makovu mawili. Kovu la kwanza, alilolikata yeye mwenyewe akiwa kijana, lilikuwa limefunikwa na gome jipya lililoingia kutoka kandokando hadi kingo zikakaribia kukutana. Kovu la pili lilikuwa upande wa nyuma na lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu: mti mtupu, umefifia, umepasuka wima, na chini yake kuna unga mwembamba uliomwagwa na wadudu wanaotoboa mbao. Mzee aliniambia kwamba mkono uliokata ni ule ule na kipimo ni kile kile, isipokuwa safari hii alikata akitarajia masika ya Machi, na mvua ikachelewa kwa wiki nyingi huku jua likilikausha jeraha. Ninakubali kwamba mti mmoja hauwezi kuwa ushahidi wa msitu mzima. Hata hivyo jambo lenyewe linaeleweka: jeraha la gome huziba likiwa na unyevu, na mti ulioshinda na kiu hauna akiba ya kujitibu. Desturi iliyokuwa salama wakati mvua zilikuwa na ahadi inaweza kuua mti wakati mvua zimeacha kuwa na ahadi. Hapo utamhukumu nani peke yake, panga au anga?

Sasa tuitazame ardhi yenyewe, kwa maana hapa ndipo marufuku inapofika ukomo wake. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda, na kwa hesabu hiyo ongezeko la nyuzi moja linaudai mti uhame zaidi ya mita 150 kwenda juu ili ubaki katika baridi ile ile uliyoizoea. Mwiritsa ni mti wa nyanda za juu. Katika Mlima Kenya, ambako Wakikuyu huuita muiri, unaota hadi karibu mita 3,000, na kwa hiyo Kakamega, iliyo kati ya takriban mita 1,500 na 1,700, iko upande wa chini wa makazi yake. Mti wa Mlima Kenya bado una mteremko wa kupanda, ijapokuwa kadiri mlima unavyopanda ndivyo eneo linavyozidi kuwa dogo. Mti wa Kakamega hauna. Ukitoka msituni kuelekea mashariki unakutana na mashamba ya mahindi, miwa na chai, nyumba na barabara, na ndipo ufike kwenye misitu ya Nandi iliyo juu zaidi, ambayo zamani iliungana na huu wetu na sasa imetengwa nao. Kima na hondohondo, ambao ni miongoni mwa wachukuzi wa mbegu za mwiritsa, hawavuki kirahisi nafasi hiyo iliyo wazi. Unaweza kuweka askari kila mita kumi kuuzunguka Msitu wa Kakamega, lakini joto halitaomba kibali langoni.

Tena marufuku haitatupa miti michanga. Mwiritsa hupenda mwanga, na mche wake ukiota chini ya kivuli kizito hudumaa na kufa. Watafiti waliofuatilia chakula cha mbega huko Isecheno, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, waliona miti mikubwa ya mwiritsa ikifa kwa wingi huku miti michanga ya kuchukua nafasi yake ikikosekana. Mbegu zake nazo hazihifadhiki kwa muda mrefu; zikikaa ghalani miezi kadhaa hufa. Msitu uliofungwa vizuri, wenye kivuli kizuri na usio na mtu wa kuokota mbegu, unaweza kabisa kuwa msitu ambao mwiritsa unazeekea na kuishia humo.

Kwa hiyo ninapendekeza kinyume cha hoja. Wanaoijua miti hii wasajiliwe, wapewe maeneo na misimu ya kuchuma kupitia chama cha jamii cha msitu, jambo ambalo Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inalifungulia njia, na malipo ya kibali chao yawe kazi: kuokota mbegu zikiiva, kuzipanda kitaluni mara moja, na kupeleka miche mashambani, kwenye mapengo ya msitu, na hasa juu Nandi. Mganga anajua ni mti upi umezaa wiki hii kuliko ofisa yeyote. Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya kinaitaka serikali ifikishe miti kwenye asilimia 10 ya nchi, nasi tunakikariri kila msimu wa upanzi huku tukipanda mikaratusi. Kifungu hicho hicho kinaitaka pia ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe hai, na sehemu hiyo ni nadra kuisikia.

Mchangiaji mwingine ameniuliza swali ambalo halifai kupitwa: mwiritsa huchukua takriban miaka 15 kabla gome lake halijafaa kubanduliwa, basi mtu mwenye robo ekari, watoto wanne na deni la mbolea ataupanda kwa lipi?

Dada yangu, swali lako ni la haki, na sitaki mtu huyo abebeshwe mzigo wa msitu mzima. Kwake ningeanza na apacha. Tumezoea kutafuna gome lake lenye ukali wa pilipili tukiwa na kikohozi, lakini utafiti uliofanywa Afrika Kusini kuhusu mti wa jamii moja na huu ulionyesha kwamba majani yanaweza kushika nafasi ya gome, na majani huchumwa baada ya miaka michache bila kuuumiza mti. Nchini Zimbabwe, ambako mti huo wa jamii moja ulikuwa karibu kutoweka kabisa porini, wakulima walipewa miche iliyotoka Afrika Kusini na leo unapatikana mashambani mwao. Mwiritsa wenyewe upandwe mpakani mwa shamba, mmoja au miwili, na kwa wingi zaidi katika viwanja vya shule na kandokando ya mashamba ya chai ya Nyayo yanayopakana na misitu, ambako kungoja miaka 15 hakumlazi mtoto njaa.

Nikurudie wewe ndugu uliyetangulia. Sipendekezi Buyangu ifunguliwe. Ibaki ilivyo, kwa kuwa tunahitaji mahali ambapo miti mama haiguswi. Ninalokuomba ulijibu ni hili: miti hiyo mama ikizaa msimu ujao chini ya ulinzi wako, na njia ya kwenda Nandi imejaa mahindi na chai, mbegu zake zitabebwa na nani?