Serigrafia ya Obey 212/450: kuhakiki, na kadre (fremu) ya hapa Lubumbashi

Mgeni_BelAir
Bakubwa, jambo. Muuzaji mmoja wa Ubelgiji ana serigrafia (picha iliyochapwa kwa wino kupitia kitambaa) ya msanii wa Marekani Shepard Fairey (Obey), 212/450, yaani nakala ya 212 kati ya 450, namba na sahihi kwa penseli. Itakuja imeviringwa ndani ya tubu. Nihakiki nini kabla ya kutuma pesa? Namba ndogo ina bei zaidi? Na kadre za hapa kwetu zitaitunza au zitaiua?

Wino_Mzito
Ndugu, anza na vipimo. Chapa nyingi za Fairey za toleo dogo ni inchi 18 kwa 24, karibu sm 46 kwa 61, kwenye karatasi nzito ya krimu yenye chembechembe. Mwambie muuzaji aweke rula juu ya chapa na apige picha kingo zote nne. Karatasi iliyopunguzwa ili kuficha kona iliyokunjika itajulikana hapo. Fairey huuza pia mabango ya ofseti (yaliyochapwa kwa wingi kwa mashine) ya inchi 24 kwa 36, yana sahihi lakini hayana namba. Ni halali kabisa, ila si toleo dogo. Sahihi peke yake haikuhakikishii kitu.

Kisha omba picha za karibu, au tumia lenzi ya kukuza mara 10 ikishafika. Katika serigrafia kila rangi hupitishwa peke yake kwenye kitambaa chake, kwa hiyo pekundu ni pekundu tupu, na rangi mbili zinapokutana moja huwa imepanda kidogo juu ya nyingine. Ukiona pekundu hapo pamejaa vitone vya waridi na njano, ni kopi ya mashine. Usikimbilie kuhukumu kwa vitone tu, maana hata serigrafia huvitumia kwenye vivuli vya uso. Tofauti ni kwamba kila kitone ni wino mmoja. Penseli ya kweli hung'aa ukiielekeza taa kwa pembeni, na karatasi imebonyea kidogo chini yake.

Namba ndogo haiongezi mengi. Karatasi hukaushwa kwenye rafu ndipo zinahesabiwa, hivyo ya 1 si lazima iwe ilichapwa kwanza. Lipia kona safi. Ukikuta E.A. mahali pa namba, ni nakala ya msanii, nje ya zile 450.

Ukihamia kwa Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza, cheti cha uhalisi hutolewa na ofisi yake, Pest Control, pekee, na hubanwa nusu ya noti bandia ya pauni 10 yenye uso wa Binti Mfalme Diana. Chapa yake Girl with Balloon ya 2004 ilitoka 150 zenye sahihi na 600 zisizo nayo. Kukosa sahihi si kasoro. Kukosa cheti, achana nayo.

Kadre_Katuba
Yaya, adui wa hapa ni majira. Kiangazi hewa inakauka na vumbi jekundu linaingia kila ufa. Mvua ikirudi, karatasi inakunywa unyevu na kutanuka. Ikiwa imegandishwa pande zote nne haina pa kwenda, inafanya mawimbi. Mwambie seremala atumie bawaba 2 tu (vipande vidogo vya kushikilia) za karatasi ya Kijapani, juu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Skochi (utepe wa plastiki wenye gundi) hapana, hata kipande: mafuta yake yanaingia ndani na doa la njano halitoki.

Kosa la pili ni triplex (plaiwudi) nyuma. Asidi ya mbao inapenya na baada ya miaka michache unaona kahawia. Weka katoni isiyo na asidi katikati, na paspatu (ukingo wa karatasi nene unaozunguka picha) ya pamba mbele ili wino usiguse kioo. Ukigusa wakati wa mvua, unagandamana nacho. Ziba nyuma kwa utepe wa karatasi, vumbi lisipite. Usitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje, na bandika vipande vya koki (kama ya vizibo vya chupa) nyuma ya kadre kwenye kona za chini ili hewa ipite.

Wino_Mzito
Naongeza kuhusu tubu: iwe na kipenyo cha sm 10 au zaidi. Iache bila kuifungua siku nzima chumbani izoee hewa. Usiikunje kinyume ili inyooke, wino utapasuka. Ilaze kati ya karatasi za kunyonya unyevu, ubao bapa juu, siku kadhaa. Uinue kwa mikono miwili, kona mbili zinazotazamana. Ukiishika kwa mkono mmoja, kidole kinaacha mkunjo wa nusu mwezi, na huo haufutiki.