Poka: tupeane uzoefu wa sheria za kubeti zilizokula hela yako

Wakuu habari zenu. Leo tuache habari za bahati, tuongelee zile sheria ndogo ndogo za kuweka dau kwenye Texas Hold'em ambazo hakuna anayekwambia mpaka zikuumize. Naanza mimi.

Kasino moja hapa Dar, blaindi (dau za lazima kabla karata hazijagawiwa) ndogo 1,000 na kubwa 2,000, nimeshika K mbili, nikachukua chipu moja ya 10,000 nikaitupa mbele kimya, nia yangu nipandishe dau. Mgawaji akanirudishia 8,000. Namuuliza vipi, ananiambia chipu moja kubwa ukiiweka bila kusema kitu inahesabika umefuata tu, yaani umelipa sawa na dau lililopo, ungetamka "napandisha" kabla haijagusa meza. Basi watu wanne wakaingia kwa bei chee, mmoja wao ana 7 na 2, karata za mezani zikaja 7, 2, 9, jozi zake mbili zikaipiga jozi yangu moja. Hela yote niliyokuja nayo ikaishia hapo. Siku hizi natamka kwanza ndo mkono unafuata.

#2
Pole sana mkuu. Mimi jamaa kabeti 5,000, nikasogeza 5,000 halafu nikarudi kwenye rundo langu kuchukua 10,000 nyingine, mzee aliyekaa pembeni akasema hapana, hiyo haikubaliki, inabaki ile ya kwanza. Nilikasirika ila ana haki, maana ukisogeza kidogo kidogo unapata kumsoma mwenzio usoni kabla hujamalizia. Na ile ya kwenye muvi, "nakufuata, na naongeza", usijaribu, ukishasema unafuata umefuata.

#3
Huku Nairobi tunacheza kwa beshte wikendi, pesa kidogo tu, na bado tulikaribia kukosana. Nilikuwa nimebaki na 200, nikaenda ol-in, yaani nikaweka zote, wenzangu wawili wakaweka 500 kila mmoja, nikashinda nikavuta zote 1,200. Kumbe haki yangu ilikuwa 600, yaani 200 yangu na 200 ya kila mmoja wao, hiyo 600 ingine ni chungu cha pembeni wanapigania wao wawili. Hakuna mtu mezani alikuwa anajua, tulibishana hadi saa nane usiku. Niliposoma nikaelewa niliwarudishia, roho ilikuwa inanisuta.

#4
Mimi ni ol-in pungufu. Nimebeti 10,000, mtu kaenda ol-in kwa 14,000, mwingine kafuata, ikarudi kwangu nina karata nzuri balaa nataka nipige 50,000, mgawaji akanizuia. Kwa sababu ili iwe kupandisha kamili ilitakiwa ifike 20,000, hiyo nyongeza ya 4,000 haikufungulii tena mlango wa kupandisha, unalipa hiyo 4,000 au unatupa karata basi. Ila huyo aliyefuata, yeye alikuwa na ruhusa ya kupandisha maana zamu yake ndo kwanza ilikuwa imefika. Kwangu hii ndo ngumu kuliko zote na nashauri mtu aipigie hesabu nyumbani kwa maharage.

#5
Naombeni kuuliza, stradol ndo nini? Juzi jamaa kaweka hela kabla hata karata hazijagawiwa nikaona aibu kuuliza.

#1
Usione aibu ndugu yangu. Ni dau la hiari, aliyekaa kushoto kwa blaindi kubwa anaweka mara mbili yake, kama ni 2,000 anaweka 4,000, halafu raundi ya kwanza yeye anakuwa wa mwisho kuamua. Sasa wewe uliyekaa na 80,000 ukijua una blaindi kubwa 40 mkononi, ghafla ni kama una 20 tu. Kuna meza zinaruhusu na zingine haziruhusu, muulize mgawaji kabla hujakaa.