Mrejesho: kutaja mwenye picha ya Wikimedia Commons ukiiweka Instagram

Niliuliza kama "picha: mtandaoni" inatosha kwa picha ya Wikimedia Commons (hifadhi ya picha huria mtandaoni) yenye leseni ya CC BY-SA 4.0, yaani ruhusa ya kuitumia na kuibadili kwa sharti la kumtaja mwenyewe na kutoa toleo lako kwa leseni ileile. Haitoshi hata kidogo. Andika jina la mpiga picha kama lilivyo kwenye ukurasa wa picha, jina la leseni na anwani yake, na kiungo cha picha yenyewe. Umeikata au kubadili rangi? Sema, na toleo lako libaki na leseni hiyohiyo.

Kumtagi mpiga picha juu ya picha pekee ni kumficha: jina halionekani mpaka picha iguswe. Liweke kwenye maelezo, mstari wa juu.

Ukivunja masharti haya, haki ya kuitumia picha inakoma. Ukigundua kasoro, irekebishe ndani ya siku 30 tangu uigundue. Hapo haki hiyo inarudi yenyewe. Asanteni sana mlionielekeza.